Ma Relda Hajamjia Alban

Kwa watu wa kisiwa cha Carriacou, mtu akifa hajaacha kula. Wanamzika, wanarudi kwenye shughuli zao, miaka inapita, na siku moja marehemu anamjia mtu usingizini na kutaja anachokitaka: kuku wa kuchoma, wali wa kuviringisha, chupa ya soda nyekundu. Hapo ukoo unajua kwamba wakati wa kusimamisha jiwe la kaburi umefika. Jiwe linasimikwa, ngoma zinapigwa, masufuria yanainjikwa uani, na marehemu anaandaliwa sahani yake mezani kabla ya mtu yeyote mwingine. Asiyetaka kuamini asiamini, ila hata yeye siku ya karamu utamkuta ameketi karibu na sufuria.

Ma Relda Cudjoe wa kijiji cha L'Esterre alikaa kimya miaka kadhaa kaburini, na alipoanza kuwatembelea watu hakuchagua. Alimjia binti yake Ismay akaomba kome wa mchuzi mzito. Alimjia jirani aliyewahi kugombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba, akaomba keki ya muhogo. Alimjia mpwa wake aliyeko Brooklyn, ambaye hakuwahi kumletea hata salamu za Krismasi, tena alimjia ndani ya treni mchana kweupe, mpwa kasinzia kidogo tu, akamwomba stafeli lililoiva. Hata padri aliota mwanamke mfupi akimlalamikia juu ya chai isiyotiwa kungumanga.

Alban, mwanawe wa kwanza na wa kiume pekee, hakumjia.

Na Alban ndiye aliyemwogesha alipokuwa hajiwezi. Ndiye aliyembeba kila asubuhi kumtoa nje apigwe na jua, na ndiye aliyemchana nywele, kazi ambayo Ismay aliikimbia kwa sababu Ma Relda alikuwa na kichwa chepesi kuuma na ulimi mwepesi kutukana. Basi jambo hili lilimuuma. Mwanamume mzima mwenye mvi, mwenye basi lake dogo la kutembeza wageni, aliumia kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Alijaribu kulala mapema. Alijaribu kulala chali, kulala bila kula, kulala dirisha wazi. Dukani walimcheka bila huruma.

"We Alban, unakoroma mno! Mama wa watu anafika mlangoni, anasikia jenereta, anarudi zake!"

Akacheka nao, maana angefanya nini. Lakini aliapa kwamba jiwe halitasimama mpaka mama yake aje kwake, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, hakuna aliyeweza kumpita. Jiwe lenyewe lilikuwa tayari. Lilikuwa limelazwa kitandani katika chumba cha mbele nyumbani kwa Ismay, limefunikwa shuka safi, na Ismay aliingia kila asubuhi kulisalimia na kulipangusa vumbi. Ndugu wa nje walitaka kuja Pasaka, na tiketi haziwasubiri watu wanaongoja ndoto. Ismay akampa kaka yake mpaka Alhamisi: siku hiyo aseme ndiyo au hapana.

Alhamisi hiyo, miaka michache kabla ya kile kimbunga kilichokiezua kisiwa kizima, Alban alisimama gatini Hillsborough akisubiri boti ya asubuhi kutoka Grenada. Alikuwa na mgeni mmoja tu, mwanamke wa Kinorwe aitwaye Marit, ambaye alishuka ngazi ya boti kinyumenyume kwa sababu ya goti lake bovu. Alikuwa mnene, mwekundu usoni, mwenye kofia ya majani pana kama ungo. Miaka yake yote ya kazi alikuwa muuguzi melini, na sasa amestaafu anaitembea dunia kwa mguu mmoja mzima.

"Karibu Carriacou, Bi Marit," Alban akasema. "Nitakuonyesha kila kitu."

"Kuona nimeona sana, Bwana Alban. Wewe nilishe."

Alban akampenda hapohapo, lakini kazi ni kazi. Akampandisha kwanza kilimani Belair, mahali ambapo wageni wote hupandishwa, akamsimamisha ukingoni na kumwonyesha bahari ya rangi tatu, kisiwa cha Union kule mbele, kile cha Petite Martinique upande huu. Kwa kawaida hapa wageni hushika vifua vyao. Marit aliangalia vizuri, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kisha akageuka nyuma.

"Pazuri sana. Hiyo harufu ni ya nini?"

Ilikuwa ya mwanamke aliyekuwa akikaanga mikate ya duara kando ya barabara na kuipasua katikati ili kutia samaki wa chumvi aliyevurugwa na kitunguu na pilipili. Marit alikula miwili amesimama. Wa tatu akaufunga kwenye kitambaa akauweka kitini, akiba ya njiani.

Akiba hiyo haikufika mbali. Ulikuwa msimu wa kiangazi, wakati ambao watu wa kisiwa huifungulia mifugo yote izurure inakotaka mpaka mvua inyeshe, na mwenye basi asiyefunga mlango, shauri yake. Walipoegesha kijijini Windward kutazama mashua inayojengwa ufukweni, mbuzi jike mmoja mwenye ndevu alipanda basini, akala mkate, akala na kitambaa, kisha akaketi kwenye kiti cha Marit akitafuna kwa utulivu.

"Mama, shuka," Alban akamwambia mbuzi. "Hujalipa."

Marit alicheka mpaka akashika goti. Fundi wa mashua, mzee mmoja mwembamba aitwaye Enwright, alitoka chini ya mbavu za mashua yake na randa mkononi, akataka kujua kuna nini, na alipoambiwa akaleta chupa ya rumu kumpoza mgeni. Ni ile rumu kali ya kwetu, ambayo barafu ikitiwa haielei, inazama mpaka chini. Enwright alimwaga kwanza tone ardhini kwa ajili ya waliotangulia, halafu akammiminia Marit. Yule mama alitazama barafu ikizama, akanywa, akatulia, akarudisha glasi.

"Melini tulikuwa tukisafishia vidonda na kitu kama hiki," akasema.

"Na hapa pia," Enwright akajibu. "Vidonda vya ndani."

Wakaondoka Windward wakiwa marafiki. Njiani simu ya Alban ikalia, na alipoona jina akashusha pumzi kabla ya kupokea. Marit alikuwa kiti cha nyuma, mguu ameunyoosha, kofia imemfunika uso.

"Alban," Ismay akasema, bila salamu. "Umeota?"

"Sijaota."

"Hata kidogo? Hata kivuli?"

"Nimeota nabadilisha tairi, Ismay. Tairi tu. Hakukuwa na mtu."

"Basi kaka yangu, leo ndiyo leo. Watu wa Brooklyn wananipigia kila saa. Mama yuko kitandani kwangu chini ya shuka, mwaka sasa. Wageni wakija naona aibu kuwakaribisha chumba cha mbele."

"Amemwendea padri!" Alban akapaza sauti, ile sauti ambayo hakuwahi kuitoa mbele ya wageni. "Padri, Ismay! Mtu aliyekuja kisiwani juzi! Mimi nilimfulia mashuka. Mimi nilimkata kucha. Nilimkosea nini? Nitamwekaje mtu jiwe hali hataki kuniona?"



"Jioni pitia hapa," Ismay akasema kwa upole. "Nitakuwa nachambua mbaazi."

Alban akaweka simu mfukoni na kutazama kwenye kioo. Ile kofia ilikuwa palepale, haijatikisika. Akaona aibu hata hivyo, akawasha redio.

Saa ya chakula cha mchana walifika ghuba ya Tyrrel, kwa Claris, ambaye hana hoteli wala bango, ana meza nne chini ya paa la bati na sauti inayosikika mpaka kwenye mashua za matanga zilizotia nanga. Claris alimwanzishia mgeni na chaza waliovunwa kwenye mizizi ya mikoko, wadogo, wenye chumvi, waliokamuliwa ndimu. Halafu kome, aliyetwangwa kwa jiwe mpaka akalainika na kupikwa na bizari na tui. Halafu akaweka katikati ya meza ugali wa mahindi uliosongwa na bamia, umeviringishwa mabonge makubwa, unatoa moshi, na pembeni bakuli la mbaazi na nyama ya mbuzi iliyokaushwa motoni.

"Huyu ni shemeji ya yule aliyekula mkate wangu?" Marit akauliza, akichoma nyama kwa uma.

"Kisiwa kidogo, Bi Marit. Wote ni ndugu."

Claris alisimama mikono kiunoni akimwangalia Alban akishambulia. Bonge la kwanza likaisha. La pili likaisha. Akanyoosha mkono kwenye la tatu.

"Tazama huyu," Claris akamwambia Marit. "Kila siku anasema moyo unamuuma. Moyo wake uko tumboni. Bora sikukubali kuolewa naye, ningefilisika kwa unga tu."

"Hukukubali kwa sababu sikukuposa," Alban akasema na mdomo umejaa.

"Ungethubutu?"

Marit alikula kila kitu kwa mpangilio, kimyakimya, mtu anayejua kwamba chakula kitamu hakipigiwi hotuba. Alipomaliza alifuta sahani kwa kipande cha mwisho cha ugali na kumuuliza Claris unasongwaje. Claris akamwonyesha mwiko, mrefu kama kasia, akamwacha ajaribu. Baada ya mizunguko michache Marit alitoa jasho akaurudisha, akasema kazi ya melini ilikuwa rahisi zaidi.

Alban alikuwa amepanga kumalizia ufukwe wa Paradise, amwonyeshe kile kisiwa cha mchanga mtupu kilichoko mbele yake, picha ambayo wageni wote hurudi nayo makwao. Alipozima gari chini ya miti na kugeuka, Marit alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, kofia imeanguka sakafuni. Akamwacha. Alitundika shati lake la akiba dirishani kumkinga jua, akaegemea gari akiwafukuza mbuzi kwa kijiti na kutazama mawimbi, huku akitunga moyoni maneno atakayomwambia dada yake. Maneno yote yalianza na hapana.

Akasikia mlango wa basi ukisukumwa. Marit alikuwa ameamka, ameketi kwenye kizingiti cha gari, uso umekunjamana alipokuwa ameulalia mkono. Hakuwa na ule mzaha wake.

"Bwana Alban. Kuna mwanamke amepita hapa?"

"Hapana, mama. Mbuzi tu."

"Basi nimeota." Akajipangusa shingo. "Ajabu, mimi si mtu wa ndoto. Alisimama hapa dirishani, mwanamke mfupi, anafuta mikono kwenye aproni. Alikuwa na haraka. Aliniambia, mwambie ugali unapoa."

Alban akatazama dirisha, pale penye shati lake. Kijiti kilimwanguka.

"Mwambie nani?" akauliza.

"Hakutaja jina. Alinyoosha kidole kwako. Umegeuka unaangalia bahari, na yeye anakunyooshea kidole. Nikamwambia, mwite mwenyewe basi. Akasema ameshaita mara nyingi, husikii."

Alban akaketi mchangani. Kwanza alitaka kulia, kisha akapata hasira, kisha akaona kinachoendelea, au akadhani anaona. Huyu ni muuguzi. Amewalaza watu wangapi kwa uongo mdogo wa huruma, kesho utapona, mkeo yuko njiani.

"Bi Marit, ulinisikia nikiongea na dada yangu garini?"

"Nilisikia unapiga kelele."

"Ulielewa?"

"Mnaongea haraka mno. Nilielewa 'padri' na nikaelewa 'kucha'." Akamtazama moja kwa moja. "Kwa nini? Nimesema jambo baya?"

"Hapana, mama. Hukusema baya."

"Ni nani yule?"

"Kila mwanamke wa kisiwa hiki ni mfupi na anafuta mikono kwenye aproni," Alban akajibu, akainuka na kujikung'uta mchanga.

Hakumwambia zaidi. Akampeleka gatini, akamsaidia kupanda ngazi za boti, safari hii kwa uso mbele, akimshika kiuno. Marit alimkumbatia kwa nguvu za watu wa meli na kumwambia kwamba hii ndiyo siku aliyokula vizuri kuliko zote tangu ashuke kutoka kwenye ndege. Boti ikaondoka. Alban akabaki pale mpaka wabeba mizigo walipoanza kumuuliza kama amepoteza kitu.

Ismay alikuwa barazani, beseni la mbaazi mapajani, maganda yamemzunguka miguuni. Alikuwa mwanamke mpana, mtulivu, aliyezaa watoto sita na kuwalea wote kwa kuwakazia jicho tu. Alimsogezea kaka yake kigoda kwa mguu. Alban akaketi, akachukua mbaazi naye, wakachambua pamoja kidogo.

"Haya," Ismay akasema. "Nambie hapana yako nisikie."

Alban akamsimulia. Alisimulia vibaya, akirukaruka, akianzia kwa mbuzi na kurudi kwa Claris, lakini alipofika kwenye ndoto alisema kila neno kama alivyolisikia. Mikono ya Ismay ikasimama.

"Usiniangalie hivyo," Alban akasema upesi. "Nimeshafikiri njia nzima. Yule mama ni mtu mwema. Alinisikia nikikufokea simuni, akaniona nina huzuni, akatunga kitu cha kunipoza. Au hakutunga, amekula ugali wa Claris mpaka pumzi zikakata, akalala, akaota ugali. Nani asingeota? Tena sikia, Ismay. Mama anaomba kome. Mama anaomba stafeli, keki ya muhogo. Wewe uliwahi kumwona Mama akila ugali?"

"Hata siku moja. Ulikuwa unampa kiungulia."

"Ndiyo nakwambia! Basi si yeye. Mama hawezi kutoka huko aliko aje kutaka ugali."

Ismay akaliweka beseni chini polepole.

"Na nyumba hii ugali ulisongwa kila Jumapili ya Mungu," akasema. "Mimi sili. Baba alikuwa anataka shelisheli lake tu. Mama ulikuwa unamchoma kifua. Alikuwa anamsongea nani?"

Alban akazitazama mbaazi alizoshika.

"Sisi wote alitujia kutuomba chakula, Alban. Mimi, padri, yule mvivu wa Brooklyn. Wewe hakukuomba. Wewe amekupikia."

Mbaazi zikamponyoka Alban mkononi zikatawanyika barazani. Alilia pale kwenye kigoda, kilio kikubwa kisicho na haya, mabega yanapanda na kushuka, na Ismay akamshika kichwa na kukibana tumboni kwake mpaka kilipopungua. Majirani walichungulia, wakaelewa, wakarudisha mapazia.

"Waambie watu wa Brooklyn waje," Alban akasema, pua imeziba.

"Nilishawaambia Jumatatu. Ulidhani nakusubiri wewe?"

Jiwe lilisimikwa Jumatatu ya Pasaka. Walilitoa kitandani kwa heshima, wakalibeba njia nzima hadi makaburini huku wakiimba, wakalimwagia maji na rumu, na waliporudi ngoma zilikuwa zimeanza uani na meza ya wafu imetandikwa kitambaa cheupe ndani ya nyumba. Kila kitu alichokiomba Ma Relda kilikuwepo: kome, keki ya muhogo, stafeli, chai yenye kungumanga tele. Kwa desturi, mtoto mkubwa ndiye huijaza sahani ya marehemu na kuiweka mezani, na aliye hai hatii kitu mdomoni mpaka wafu waachiwe muda wao wa kula. Hata watoto wanalijua hilo, wanameza mate na kungoja.

Alban aliijaza sahani ya mama yake, akaiweka mezani, akasimama mbele yake kidogo. Halafu akatoka nje uani, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria ambamo Ismay alikuwa bado anasonga, akachota bonge la ugali kwa mkono mtupu, la moto, linalochoma, akaanza kula palepale amesimama, mbele ya ukoo mzima. Wapiga ngoma walipoteza mdundo. Mpwa wa Brooklyn akashika mdomo. Mzee mmoja akanyanyuka na fimbo yake kumkataza.

Ismay akauweka mwiko mbele ya yule mzee.

"Mwache ale," akasema. "Ameitwa."

Alban alikula mpaka bonge likaisha, machozi na unga vimemchafua kidevu, na ngoma zikaanza tena.